Kabla ya Kutuma Faili, Lifungue kwa Programu ya Pili

Mwandishi mmoja alinitumia sura ya kitabu aliyoihangaikia miezi minne. Niliipakua, nikaibofya, haikufunguka. Nikatazama ukubwa wa faili: baiti 170 na ushei. Herufi moja ya kawaida hula baiti moja, kwa hiyo baiti 170 hazitoshi hata kubeba aya hii, sembuse sura ya kurasa 40. Nikalifungua kwa programu ya maandishi matupu. Ndani nilikuta anwani ya mtandaoni na mfululizo wa herufi na tarakimu za utambulisho. Neno la sura halikuwemo hata moja.

Kumbe alikuwa akiandika kwenye huduma ya mtandaoni, na huduma hiyo ilimwekea folda kwenye laptop. Ndani ya folda alikiona kitu chenye jina la sura yake na alama ya karatasi, kama mafaili mengine yote. Akakinakili kwenye flashi, kisha akakiambatisha kwenye barua pepe. Alichonakili kilikuwa njia ya kuiendea sura, na sura yenyewe ilibaki huko ilikokuwa. Tulipoifuata njia tukakuta mlango umefungwa, maana akaunti ilikuwa ya ofisi aliyokwisha kuondoka. Tukaanza kuokoteza rasimu kwenye barua pepe za zamani. Nusu ya kwanza tuliipata. Nusu ya pili aliiandika upya kwa kukumbuka.

Nimehariri maandishi ya watu kwa miaka, na tangu siku ile nimekuwa mkali juu ya jambo ambalo wengi huliona la mafundi wa kompyuta tu: fomati ya faili, yaani namna maandishi yanavyopangwa na kuhifadhiwa ndani yake. Msimamo wangu ni kwamba faili halistahili kuaminiwa mpaka lifunguliwe, na lisomeke sawasawa, kwenye programu ambayo haikulitengeneza. Anayeandika kwa Microsoft Word alifungue kwa LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia. Anayeandika kwa Google Docs apakue nakala kwenye kompyuta yake, azime intaneti, aone kama bado ana kitu mkononi. Jaribio hilo la dakika chache huonyesha mambo ambayo hakuna orodha ya "fomati bora" itakayokuonyesha.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kuchungulia ndani. Chukua faili lolote la .docx, litolee nakala, badilisha kiendelezi cha nakala hiyo (herufi za mwisho wa jina, baada ya nukta) kiwe .zip, halafu lifungue. Utakuta folda. Maandishi yako yamo kwenye document.xml, mitindo ya vichwa na aya imo kwenye styles.xml, na picha ulizobandika zimo kwenye folda iitwayo media, kila moja peke yake. Fanya hivyohivyo kwa faili la .odt, ile fomati ya LibreOffice, utakuta content.xml, styles.xml, meta.xml na kifaili kidogo kiitwacho mimetype. Hayo ni makabrasha mawili yaliyobanwa kwa namna moja. Hata baiti mbili za mwanzo zinafanana: ni herufi PK, za Phil Katz, aliyetoa programu ya PKZIP mwaka 1989.

Kwa hiyo anayesema .docx ni "faili la Word" na .odt ni "faili la LibreOffice" anasema nusu ya ukweli. Zote mbili ni maandishi yaliyozungushiwa alama, na alama hizo zimeelezwa hadharani. Tofauti iko kwenye wingi wa alama na kwenye historia iliyobebwa ndani yake.

Niliwahi kufungua hivyo hadithi ya Kiswahili ambayo mwandishi hakuiambia programu kwamba lugha ni Kiswahili. Programu iliamini inasoma Kiingereza. Ndani ya document.xml nilikuta neno baada ya neno limewekewa alama ya spellStart mbele na spellEnd nyuma. Yaani ile mistari myekundu tunayoiona chini ya maneno ilikuwa imeandikwa ndani ya faili lenyewe, ikitangaza kwamba "alipofika" ni kosa na "nyumbani" ni kosa. Neno "walipokutana" lilikuwa limekatwa vipande vitatu, kwa sababu mwandishi alirudi kulisahihisha kwa nyakati tofauti, na kila kipande kikabandikwa namba ya kikao chake cha kuhariri. Kwenye skrini huoni lolote kati ya hayo. Lakini programu nyingine inayolisoma faili hilo lazima ipite kwenye kichaka chote hicho ili ifike kwenye sentensi.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu zaidi. Fomati ya zamani, .doc, haikuwa maandishi hata kidogo. Ilikuwa mfumo mdogo wa mafaili uliofungwa ndani ya faili moja, na watengenezaji wa programu nyingine walitumia miaka mingi kuchunguza baiti moja baada ya nyingine ili wajue ipi ina maana gani. Microsoft ilichapisha maelezo ya fomati hiyo kwa yeyote kuyasoma mwaka 2008, wakati yenyewe ilikuwa imekwisha kuhamia .docx na Office 2007. Ndiyo maana ukifungua .doc ya zamani kwenye programu mbili unaweza kupata hati mbili zisizofanana. Sioni sababu ya mtu kuhifadhi kazi mpya kwa .doc leo. Isitoshe, fomati hiyo hubeba makro, yaani amri zinazoweza kujiendesha zenyewe, bila kuonyesha chochote kwenye jina lake. Kirusi cha Melissa kilisambaa kwa barua pepe mwaka 1999 kikiwa ndani ya hati ya Word. Faili la .docx la kawaida halihifadhi makro. Lenye makro hulazimika kujitambulisha kwa kiendelezi cha .docm.

Sasa tuje kwenye ubishi mkubwa, .docx dhidi ya .odt. OpenDocument, ambayo .odt ni sehemu yake, ilipitishwa na shirika la viwango la OASIS mwezi Mei 2005, na mwaka uliofuata ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Fomati ya Microsoft ilipitishwa na Ecma, shirika jingine la viwango, mwezi Desemba 2006, ikiwa na maelezo ya kurasa zaidi ya 6,000, kisha ikapelekwa ISO, shirika la viwango la kimataifa. Kura ya kwanza, mwaka 2007, haikufaulu. Ikarekebishwa, ikapita mwaka 2008 kwa jina la ISO/IEC 29500. Mashirika ya viwango ya Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela yalikata rufaa, na rufaa zikatupwa.

Waliopinga hawakuwa wakigombea heshima tu. Ndani ya kurasa hizo elfu sita kulikuwa na maagizo kama autoSpaceLikeWord95, yaani "weka nafasi kama Word 95 ilivyokuwa ikiweka". Mtengenezaji wa programu nyingine atatekelezaje agizo la kuiga tabia ya programu ambayo hakuiandika yeye? Suluhisho lililopatikana ni kuigawa fomati pande mbili: upande mmoja msafi uitwao Strict, na upande mwingine uitwao Transitional, unaobeba mizigo ya zamani. Word inaweza kuandika pande zote mbili, lakini usipoigusa mipangilio utapata Transitional. Karibu kila .docx inayokufikia kwenye barua pepe ni ya upande huo.

Kwa hukumu yangu, .odt ni fomati bora ya kufanyia kazi kwa mtu anayeanza upya na mwenye uhuru wa kuchagua. Ni nyepesi kueleweka, na haimlazimishi msomaji kununua chochote. Word yenyewe imekuwa ikiifungua na kuiandika tangu maboresho ya pili ya Office 2007, yaliyotoka mwaka 2009. Google Docs inaipakia na kuitoa. Hata hivyo sitamwambia mtu anayefanya kazi na wenzake sita, wote wa Word, ahamie .odt kesho asubuhi. Kila wakihifadhi, Word itawaonya kwamba baadhi ya mambo yanaweza kupotea, na siku moja kitu kitapotea kweli. Pages, programu ya kuandikia ya Apple, nayo inafungua .docx lakini haifungui .odt. Kwenye mabadilishano ya kila siku .docx imeshinda kwa wingi wa watumiaji, na kukataa kuliona hilo ni kuwatesa wenzako. Ninachokipinga ni mazoea ya kudhani kwamba ukishatuma .docx umekwisha timiza wajibu wako.

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Nimelifungua kwenye kompyuta nyingine, kila kitu kimevurugika." Ukiuliza kilichovurugika, mara nyingi utajibiwa kwamba kurasa zimehama. Hapa ndipo watu wengi hawajaelezwa jambo la msingi. Faili la .docx au .odt halina kurasa. Lina aya, vichwa, majedwali na maagizo: fonti hii, ukubwa huu, nafasi hii kabla ya aya. Ukurasa hutengenezwa upya kila unapolifungua, kwa kutumia fonti zilizopo kwenye kompyuta hiyo na kwa kanuni za programu hiyo za kukata mistari. Programu mbili zinaweza kusoma maagizo yaleyale kwa uaminifu kamili, na bado moja ikamaliza hati kwenye ukurasa wa 18 na nyingine ukurasa wa 19.

Fonti ndiyo mkosaji wa kwanza. Word 2007 iliingia na Calibri kama fonti ya kawaida, na mwaka 2023 Microsoft ikaanza kuibadilisha kwa Aptos. Kompyuta isiyo na fonti hiyo huchukua nyingine inayoikaribia. Kama herufi za fonti mbadala ni pana kidogo, neno la mwisho la mstari huangukia mstari wa pili, mstari husukuma aya, aya husukuma jedwali, na kichwa cha sehemu hubaki peke yake chini ya ukurasa huku maandishi yake yakianzia ukurasa unaofuata. Yaliyomo ya mwanzo wa kitabu huendelea kutaja namba za kurasa ambazo si zenyewe tena. Watu wa programu huria walilitambua tatizo hili mapema. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za Liberation, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Arial, Times New Roman na Courier New. Baadaye zikaja Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria. Sura ya herufi ni tofauti kidogo, lakini kila moja inakaa kwenye nafasi ileile, na mistari haihami. Mtu anayebadilishana hati na watu wa programu mbalimbali atapunguza sehemu kubwa ya maumivu kwa kuchagua fonti yenye pacha wa aina hiyo.

Mkosaji wa pili ni mkono wetu wenyewe, na huyu ninamwona kila wiki. Nililetewa ripoti ambayo jalada lake lilionekana zuri kwenye kompyuta ya mwandishi: jina la ripoti katikati ya ukurasa, jina lake chini, tarehe chini zaidi. Nilipowasha alama za siri, zile zinazoonyesha spesi na miisho ya aya, nilihesabu Enter 14 juu ya jina la ripoti, na spesi 22 kulisogeza katikati. Kwenye programu yangu nafasi kati ya mistari ilikuwa kubwa kwa unywele tu, na tarehe ikaangukia ukurasa wa pili. Kila kilichofuata kikasogea. Hakuna fomati duniani ingeiokoa ripoti ile, kwa sababu mwandishi hakuiambia programu kwamba hili ni jalada na pale ndipo ukurasa unapoishia. Aliipangia spesi, na programu ya pili ikazipanga kwa vipimo vyake.

Dawa yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kichwa cha sehemu kipewe mtindo wa kichwa, kisikuzwe tu na kukolezwa wino. Ukurasa mpya uanzishwe kwa agizo la kuvunja ukurasa, ambalo kwenye programu nyingi ni Ctrl na Enter. Maandishi yasogezwe katikati kwa mpangilio wa aya, na safu ziwekwe kwenye jedwali, si kwa kubonyeza tabu mara nane. Anayeandika hivyo atagundua kwamba hati yake inasafiri vizuri hata kwa fomati ambazo hakuzitarajia, maana programu ya pili inapokea maana badala ya kubahatisha sura. Nikilazimishwa kuchagua kati ya .doc ya kale iliyoandikwa kwa mitindo sahihi na .odt mpya iliyopangwa kwa spesi, nitachukua ile ya kale bila kufikiri mara mbili.

Kuna watu watakaosema: haya yote ya nini, mtumie kila mtu PDF, yaishe. PDF nami naipenda, lakini mahali pake. Adobe iliitoa mwaka 1993 kwa kusudi la kumwonyesha kila msomaji ukurasa uleule, popote alipo, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Hiyo kazi inaifanya vizuri ajabu. Lakini inaifanya kwa gharama. PDF ya kawaida haijui aya ni nini. Inajua kwamba herufi hii inakaa hapa, na ile inakaa pale. Ukinakili aya kutoka humo, kila mstari unakuja umekatika pale ulipoishia kwenye ukurasa, na kistari cha kukatia neno kinakuja pamoja nao. Msomaji wa simu hulazimika kuvuta ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Asiyeona, anayesomewa na kompyuta, anaweza kusikia safu mbili zikichanganywa kama sentensi moja, isipokuwa mwandishi amehifadhi PDF yenye alama za muundo, na alama hizo hutokana na mitindo ileile ya vichwa niliyoisema hapo juu.

Kwa hiyo kumtumia mtu PDF na kumwambia "rekebisha" ni kumpa kazi ya saa nzima ya kunyoosha mistari kabla hajaanza kazi uliyomwomba. Kinyume chake nacho kinaudhi. Tangazo la nafasi ya kazi au mwaliko wa mkutano, kitu cha kusomwa tu, hutumwa kwa .docx, na anayelisoma kwenye simu isiyo na programu yake hubaki anaangalia kiambatisho asichoweza kukifungua. Serikali ya Uingereza ililitenganisha hili kwa uwazi mwezi Julai 2014 ilipochagua fomati za ofisi zake: OpenDocument kwa hati zinazoandikwa kwa pamoja, na PDF/A (aina ya PDF ya kumbukumbu) au HTML (fomati ya kurasa za mtandaoni) kwa hati za kutazama. Ninachokithamini kwenye uamuzi ule, kuliko hata kuchaguliwa kwa OpenDocument, ni kwamba walianza kwa kuuliza anayepokea atalifanyia faili kazi gani.

Kuna njia moja ya kati ambayo watu wachache wanaijua, na ningependa ienee. LibreOffice, unapotoa PDF, ina kisanduku cha kuweka hati ya .odt ndani ya PDF hiyohiyo. Matokeo yake ni faili moja. Wa PDF akilifungua anaona kurasa zilizotulia. Wa LibreOffice akilifungua anapata hati kamili ya kuhariri, mitindo na tanbihi zikiwemo. Ukubwa huongezeka kidogo tu kama hati haina picha nyingi. Kwa barua rasmi na mikataba ambayo kesho itatakiwa kufanyiwa toleo jipya, sijaona mpango bora kuliko huu, kwa sababu nakala ya kusoma na nakala ya kuandika haziwezi kupoteana.

Fomati ya RTF nayo bado ina watetezi, na wana haki kiasi. Ilizaliwa Microsoft mwaka 1987, imeandikwa kwa maandishi yanayosomeka, na karibu kila programu ya kuandikia inaifungua. Maneno ya mlazo, wino mzito, aya na tanbihi za kawaida huvuka salama. Lakini toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2008 na halijaendelezwa tena, na WordPad, programu iliyoitumia kama fomati yake ya nyumbani, iliondolewa kwenye Windows 11 katika toleo la mwaka 2024. Picha ndani ya RTF kwa kawaida huandikwa tarakimu kwa tarakimu, kila baiti ikiwa herufi mbili, kwa hiyo faili lenye picha chache linaweza kuvimba kupita kiasi. Mimi huitumia kama mtumbwi wa kuvushia maandishi kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Baada ya kuvuka, nashuka.

Halafu kuna maandishi matupu, .txt, ambayo watu huyadharau mpaka siku wanapoyahitaji. Shairi, makala ya gazeti, hotuba, mahojiano yaliyonukuliwa neno kwa neno: hayo hayahitaji fomati nzito hata kidogo. Anayetaka vichwa na mkazo anaweza kuandika kwa Markdown, utaratibu uliotolewa mwaka 2004, ambapo alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari ni kichwa na nyota mbilimbili ni wino mzito, na hati inasomeka hata kabla ya kugeuzwa. Tahadhari ni moja, nayo ni usimbaji wa herufi, yaani utaratibu wa kuzigeuza herufi kuwa baiti. Utaratibu wa UTF-8 ulibuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, na leo ndio wa kuchagua, lakini baadhi ya programu bado husoma faili kwa usimbaji wa zamani. Sisi wa Kiswahili tunajidanganya kwamba hatuna herufi za taabu. Andika ng'ombe kwenye programu inayopindisha alama ya ritifaa yenyewe, hifadhi kwa UTF-8, kisha lifungue kama maandishi ya Windows ya zamani. Utapata ngâ€™ombe. Nimewahi kuliona neno hilo, hivyo hivyo lilivyo, limechapwa kwenye karatasi, na mhusika alikuwa amesoma prufu mara mbili kwenye kompyuta yake asilione, maana kwake halikuwepo.

Kwa wanaoandika kwa pamoja, hatari kubwa ni safari za kwenda na kurudi. Kila faili linapogeuzwa kutoka fomati moja kwenda nyingine, kinachofanyika ni tafsiri, na tafsiri ya tafsiri huchakaa. Maoni ya pembeni huvuka kwa kawaida. Mabadiliko yaliyofuatiliwa huvuka mara nyingi, ila yale ya ndani ya majedwali au ya aya zilizohamishwa ndiyo hupotea kwanza. Milinganyo ya hesabu wakati mwingine hugeuka picha ambazo huwezi kuzisahihisha tena. Nilihariri kitabu cha waandishi watano kilichozunguka kati ya programu tatu kwa wiki sita, na mwisho tulikuwa na mitindo 60 na zaidi yenye majina yanayorudiwa, yote ya aya za kawaida. Kazi ya kusafisha ilinichukua muda mrefu kuliko kazi ya kuhariri lugha. Sasa ninaomba kundi lichague programu moja na fomati moja kwa ajili ya faili mama, iwe .docx, iwe .odt, sijali sana ipi. Mwenye programu nyingine apewe nakala iliyogeuzwa, aandike maoni yake, na maoni hayo yaingizwe kwa mkono kwenye faili mama. Nakala iliyogeuzwa hairudi kuchukua nafasi ya mama yake.

Kuhusu kutunza hati kwa miaka, nitasema machache. Mwaka 2007 maboresho ya tatu ya Office 2003 yalizuia kwa kawaida fomati kadhaa za zamani zisifunguke, zikiwemo za Word yenyewe za miaka ya nyuma, kwa sababu za usalama. Mafaili hayakuharibika, wala wenye nayo hawakufanya kosa. Walisasisha programu tu, na asubuhi wakakuta kazi zao hazifunguki mpaka mtu abadilishe mipangilio ya ndani. Kwa hati ya kutunzwa, ninaweka nakala mbili kando kwa kando: moja ya kuhaririwa, kwa fomati iliyo wazi, na moja ya PDF/A, ambayo ni aina ya PDF iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya kumbukumbu, na ambayo hulazimika kubeba fonti zake ndani yake.

Turudi kwenye jaribio la programu ya pili. LibreOffice ni ya bure na inakaa vizuri kando ya Word kwenye kompyuta moja, na asiyekuwa na Word anaweza kutumia ile ya mtandaoni. Nikilifungua faili upande wa pili sianzi kwa kutazama kama kurasa zinafanana. Natazama kidirisha cha vichwa kama muundo wa hati umekuja wote. Nahesabu tanbihi. Natafuta jedwali refu kuliko yote na picha iliyo katikati ya maandishi, maana hizo ndizo huchezacheza. Nasoma ukurasa mmoja wenye maoni ya pembeni. Hayo yakiwa sawa, natuma. Yasipokuwa sawa, nimepata nafasi ya kurekebisha nikiwa bado na asili mkononi, kabla mtu mwingine hajagundua akiwa na haraka zake.

Yule mwandishi wa sura iliyopotea alimaliza kitabu. Mswada wa mwisho ulinifikia kwa mafaili mawili, .odt na PDF, na ujumbe mfupi kwamba ameyafungua kwenye laptop ya mdogo wake, ambayo ina programu tofauti na yake, huku intaneti ikiwa imezimwa. Nami nililifungua la kwanza kwenye programu mbili, moja baada ya nyingine, nikaenda moja kwa moja kwenye ile sura. Kurasa zilikuwa 43 upande mmoja na 44 upande wa pili. Tanbihi zote 61 zilikuwepo.